Kura ya Mkata Kwato

Elwin Cota alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Vermont kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kujipigia kura. Si kwamba alisahau. Baba yake, ambaye cheo chake kikubwa maishani kilikuwa ukaguzi wa nyua za mashamba, alimwachia fundisho moja: mtu mstaarabu akiingia kwenye kibanda cha kupigia kura akalikuta jina lake, kura yake humpa mpinzani. "Kujichagua mwenyewe," mzee alikuwa akisema, "ni kama kujipakulia mnofu wageni hawajanawa." Elwin akalishika neno hilo. Aligombea mara nane, akawapa wapinzani wanane kura moja moja ya bure, na mara zote nane akawashinda kwa kura mia mbili, mia tatu. Ustaarabu wa namna hiyo ni rahisi, kila mtu anauweza.

Kazi yake hasa ilikuwa kukata kwato za ng'ombe. Alikuwa na meza ya chuma nyuma ya gari, ng'ombe anafungwa mkanda, analazwa ubavu, na Elwin anainama na kisu chake kwenye ukwato kama fundi saa. Kiuno chake kiliharibika akiwa na miaka arobaini na mikono ikawa migumu kama gome la mti, lakini hapakuwa na zizi ambalo hakuingia katika miji miwili ya Tolman na Peaslee, iliyo pamoja katika eneo moja la uchaguzi. Ndiyo maana mbunge wa zamani alipochoka, Thelma Gokey, karani wa mji wa Tolman, alimfuata Elwin hukohuko zizini.

"Elwin, wewe unajua nani mgongo unamuuma na nani hasemi na nduguye. Unataka sifa gani nyingine?"

"Nataka kuachwa nifanye kazi."

"Haya basi, umefaa. Wanaotaka ubunge ndio wanaonitisha."

Akachaguliwa. Kuanzia Januari mpaka Mei alivaa koti lake moja la heshima akaendesha gari kwenda Montpelier, makao makuu ya jimbo, na miezi iliyobaki akarudi kwa ng'ombe. Bungeni alisimama kusema mara tatu tu. Mara moja ilikuwa ni kuhusu mswada wa mtu mmoja wa mjini aliyetaka kila mfugaji ajaze karatasi za afya ya miguu ya mifugo. Elwin akainuka, akasema, "Mheshimiwa Spika, kwato hazisomi fomu," akaketi. Mswada ukafa palepale. Siasa yake kubwa ilikuwa simu iliyoning'inia ukutani jikoni kwake. Watu walipiga wakati wa chakula wakilalamikia mfereji uliozibwa na beva, yule mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa kwa matawi, kiinua mgongo cha mjane kilichopotelea ofisini, au barabara iliyozama kwenye tope la Aprili. Elwin aliwasikiliza maharage yakipoa, na mkewe Rejeanne akimtazama kwa jicho la kisu.

Mtu aliyempenda kuliko wote, nje ya Rejeanne, alikuwa Noella Tatro. Hawakuwa ndugu wa damu. Baba yake, Leon, alikuwa mkata magogo na rafiki wa Elwin tangu darasa la kwanza. Elwin ndiye aliyemshika Noella siku ya ubatizo. Noella akiwa na miaka tisa, mti ukamwangukia Leon msituni, na tangu hapo Elwin hakungoja kuombwa. Alimfundisha mtoto kuendesha gari kwenye shamba la majani makavu. Alimpeleka altareni siku ya harusi. Mumewe alipoondoka, Elwin ndiye aliyekwenda kufunika mabomba ya maji ya nyumba yasigande kwa baridi. Noella alimwita Mjomba. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Tolman, yenye watoto arobaini na mmoja, na kila Jumapili baada ya misa aliingia jikoni kwa Rejeanne na binti zake wawili bila kubisha hodi, wakala maharage na mkate mweusi, wakachekana mpaka saa tisa.

Halafu ikaja ile sheria ya kuunganisha shule ndogondogo chini ya bodi moja. Watu wa Tolman waliogopa kwamba shule yao itafungwa. Elwin akawaambia wasiogope. Hakuna shule itakayofungwa bila mji wenyewe kukubali, ndivyo alivyoambiwa na wakubwa wa upande wake bungeni. Akapiga kura ya ndiyo. Mwaka haukwisha, bodi ikaifunga shule ya Tolman, tena bila kuuliza mtu.

Noella aliingia jikoni Jumapili ile na bunda la karatasi mkononi. Hakuketi.

"Mjomba, ulisema hawawezi kuifunga mpaka tukubali."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Ukurasa wa tisini na mbili unasema wanaweza. Umeandikwa waziwazi. Uliuona?"

Elwin akachukua kisu akaanza kupaka siagi kwenye mkate. "Mambo ya sheria ni mapana, Noella. Mtu anatazama huku na huku."

"Sijauliza upana. Nimeuliza, uliuona?"

"Tulitazama mambo mengi."

Noella akawavalisha binti zake makoti, mmoja akiwa bado na kijiko mdomoni, wakatoka. Hakurudi tena. Walipokutana dukani au kanisani alisema, "Habari za asubuhi, Mheshimiwa Cota," na ile Mheshimiwa ilimwingia Elwin kuliko tusi.

Ukweli ni kwamba hakuuona. Wala hakuisoma ile sheria. Ilikuwa na kurasa mia moja arobaini, ilikuwa mwezi Mei, na wafugaji kumi na wawili walikuwa wakimngoja na ng'ombe wanaochechemea. Alisoma kurasa chache za mwanzo akasinzia, na kesho yake mtu aliyemwamini akamwambia haina shida. Kulikuwa na watoto waliokuwa sasa wakipanda basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gizani, kwa sababu mzee alishikwa na usingizi. Hilo hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Rejeanne, ambaye alikuwa akijua mpaka namba ya viatu vyake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Elwin alificha, na kitu alichokipata ni meza ya Jumapili yenye viti vitatu vitupu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaka wa uchaguzi ulipofika, Noella akachukua fomu kugombea kiti cha Elwin.

Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Aliapa kutoruka mlango hata mmoja, na kweli hakuruka. Siku moja ya Septemba alisimama kwenye kibaraza cha Elwin akagonga. Rejeanne akafungua.

"Nimekuja kuomba kura, Mama Rejeanne."

"Ya nani?"

"Ya nyumba hii."

"Nyumba hii ina mbunge tayari, yupo ndani anakunywa chai. Una kiburi wewe, kama marehemu baba yako!"

"Ndiyo, Mama."

"Na umekonda. Unapikia watu, wewe huli?"

"Shule imefungwa, Mama. Sasa hivi sipikii mtu."

Rejeanne akaingia ndani, akatoka na donati kumi na mbili kwenye mfuko wa karatasi. "Za watoto hizo, si zako. Na kura sikupi."

"Asante, Mama."

Elwin alisikia yote kutoka mezani. Hatua sita tu zilimtenga na mlango. Alizihesabu, akabaki pale pale na kikombe chake mpaka aliposikia miguu ikishuka ngazi. Ndivyo tulivyo sisi watu wa milimani huku. Mtu atavuka theluji ya kiunoni kumtoa jirani mtaroni, halafu ashindwe hatua sita za kusema neno.

Kampeni ikapamba moto, na kila mtu akaona mwaka huu si wa kushinda kwa kura mia tatu. Asubuhi ya kupiga kura Rejeanne alisimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

"Leo ujipigie."

"Rejeanne, unajua baba..."

"Baba yako amezikwa. Hagombei chochote. Apa."

"Haya, naapa."

"Unaapa nini?"

"Naapa nitaweka alama kwenye jina langu."

Ukumbi wa mji wa Tolman una vibanda vinne vya kupigia kura, vyenye mapazia yaliyoshonwa na akina mama wa kanisa. Thelma Gokey alikuwa mezani akigawa karatasi za kura, na nyuma yake kulikuwa na sufuria la supu na watu wasiopungua kumi waliokwisha kupiga kura lakini hawakuona sababu ya kwenda nyumbani. Elwin akachukua karatasi yake akaingia. Penseli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Akatafuta jina lake, akakijaza kiduara cha mbele yake vizuri mpaka ukingoni. Kiapo akawa amekitimiza.

Kisha akaliona jina la chini yake. NOELLA TATRO, TOLMAN. Miaka yote alikuwa akiweka alama kwenye jina la mpinzani bila kulitazama, kama mtu anavyovua kofia kumsalimu mpita njia. Safari hii alilitazama. Akayaona tena yale makaratasi mkononi mwa Noella Jumapili ile jikoni, yamekunjwa pembe, yamepigwa mistari ya wino mwekundu. Mpishi wa shule alikuwa ameisoma sheria yote, usiku baada ya kuosha masufuria, kwa sababu watoto wa watu walikuwa mikononi mwake. Elwin akajiuliza swali ambalo mfugaji yeyote angejiuliza kuhusu mkata kwato: kazi hii nimpe nani, ng'ombe wangu wasije wakatiwa kilema? Jibu likaja bila kusita.

Sasa mtu mwenye akili angetoka akaomba karatasi nyingine. Sheria inaruhusu. Lakini angemwambia nini Thelma, mbele ya supu na watu kumi? "Mbunge kashindwa kujaza karatasi!" Wangelicheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo Elwin Cota akafanya lile ambalo alikuwa amewaonya wapiga kura wake wasifanye kwa miaka kumi na sita. Akakikata kiduara chake kwa msalaba, akaandika pembeni kwa herufi zake kubwa, SIYO HUYU, akapiga mistari miwili chini yake, akachora mshale mpaka kwenye jina la Noella, akajaza kiduara cha jina hilo. Akaikunja karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku, akatoka kunywa supu.

"Umejipigia?" Rejeanne akamnong'oneza.

"Nimeweka alama kwenye jina langu, kama nilivyoapa."

Jioni matokeo yakasomwa. Noella Tatro, mia sita na kumi na moja. Elwin Cota, mia sita na kumi.

Rejeanne hakutaka kusikia lolote ila kura zihesabiwe upya. Wakili Prentiss Ames, aliyekuwa wakala wa Elwin tangu uchaguzi wa kwanza, naye akashikilia. Elwin akajaribu kusema imetosha, lakini kila walipomuuliza sababu alikosa la kusema, maana sababu ilikuwa ndani ya sanduku. Akatia saini. Alijiambia kwamba karatasi moja kati ya elfu moja na ushee haina jina wala uso.

Wakakutana kwenye chumba cha mahakama ya kaunti wiki mbili baadaye. Wahesabuji waliketi wawili wawili kwenye meza ndefu, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na karani wa mahakama, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alisimamia. Elwin na Rejeanne walikaa upande wa dirisha, Rejeanne akifuma soksi. Noella alikaa upande wa pili, peke yake, na koti lake la kanisani. Saa nne asubuhi mhesabuji mmoja akainua mkono.

Karani akaja, akaitazama karatasi, akaiweka mezani ili pande zote zione. Prentiss Ames akaruka.

"Imeharibika hiyo! Ameweka alama mbili, ameandika maneno, amechora mishale. Hii ni karatasi ya kura au ramani ya hazina? Ikitupwa, tuko sawa kwa sawa, uchaguzi unarudiwa."

"Sheria inataka nia ya mpiga kura," karani akasema. "Nia ikieleweka, inahesabiwa."

"Nia gani? Mtu huyu alichanganyikiwa. Kwa maoni yangu alikuwa amelewa."

Watu wakacheka. Rejeanne, bila kuinua macho kutoka kwenye soksi, akaongeza, "Kalewa chakari huyo, Mungu amsamehe." Kisha akanyanyua shingo aione hiyo karatasi, na sindano zikasimama. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa akisoma mwandiko ule kwenye orodha za dukani.

"Elwin Cota," akasema polepole.

Noella naye alikuwa ameinama juu ya meza. Kila siku yake ya kuzaliwa, tangu Leon afe, ilikuja kadi yenye herufi kubwa na mistari miwili chini ya jina lake. Mkono wake ukaenda mdomoni. Elwin akaona kwamba Noella amejua, akaona pia kwamba yeye mwenyewe anaweza kukaa kimya. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kusema kura ni yake. Angenyamaza tu, Prentiss angemaliza kazi, na Desemba angerudi kugombea, huenda akashinda. Simu ingeendelea kulia jikoni. Aliipenda ile simu, niseme kweli. Bila hiyo hakujua angekuwa nani.

"Prentiss, kaa chini," akasema.

"Ngoja kwanza nimalize..."

"Kaa. Ondoa pingamizi."

"Elwin, nikiliondoa umekwisha. Hapa hapa, sasa hivi."

"Mtu huyo hakuwa amelewa. Aliandika alichotaka, na kinasomeka. Ihesabiwe."

Prentiss akamtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena, na uso ukamwiva kama tofaa. Akakaa. Karani akaandika: Tatro, mia sita na kumi na moja.

Rejeanne akakusanya uzi wake. Mlangoni akamwambia mumewe, "Nakwenda kukaa kwenye gari. Nina mengi ya kukwambia, ila yatangoja. Yule pale anataka kusema nawe."

Noella alimfikia kwenye ngazi za mahakama. Theluji nyepesi ilikuwa ikianza, watu wanapita na makoti yao ya rangi ya chungwa ya kuwinda. Alikuwa amekasirika.

"Ni yale mambo ya baba yako, siyo? Ustaarabu. Umenivulia kofia."

"Hapana."

"Basi umenihurumia. Maskini Noella, hana kazi, tumpe kiti. Mimi sitaki kiti cha huruma, Mjomba! Nimegonga milango mia nane!"

"Sikuisoma," Elwin akasema.

"Nini?"

"Ile sheria. Uliniuliza kama niliuona ukurasa wa tisini na mbili. Sikuuona, kwa sababu sikufika. Nilisoma kidogo nikalala. Kesho yake nikasema ndiyo. Wewe uliisoma yote." Mikono yake migumu haikujua ikae wapi. "Sijakuhurumia. Niliuliza nani anafaa kukaa pale, na hakuwa mimi. Ndiyo nikaandika."

Noella akapangusa theluji iliyokuwa imeanza kumkaa kwenye nywele.

"Nilijua," akasema. "Nilijua Jumapili ile ile. Ulikuwa unapaka siagi juu ya siagi. Ningekusamehe palepale, Mjomba, kabla hujaweka kisu chini. Nilikuwa nakusubiri tu useme."

Mzee wa miaka sabini na moja, mbunge wa mihula minane, alilia kwenye ngazi za mahakama mbele za watu, na binti wa Leon akamshika mabegani, akasimama naye mpaka alipomaliza.